Msimamo wa Ligi Haumfundishi Binti Soka

Aprili 2020, wakati dunia imejifungia ndani kwa korona, Shirikisho la Soka la Marekani lilitangaza kuifunga ligi yake ya akademi za wasichana, ambayo ilikuwa imeanza mwaka 2017 na haijamaliza hata msimu wake wa tatu. Shirikisho lilisema hali ya fedha haikuruhusu tena. Klabu zilizoachwa bila ligi zilitawanyika upesi. Baadhi zilirudi ECNL, ligi iliyoanzishwa na klabu zenyewe mwaka 2009, na nyingine zikaungana kuunda ligi mpya, Girls Academy. Kocha aliyefundisha kabla ya tangazo ndiye aliyefundisha baada yake. Uwanja ulikuwa uleule, wasichana walewale, na beki wa pembeni aliyesahau kurudi nyuma aliendelea kusahau. Hata hivyo, machoni mwa wazazi wengi klabu moja ilikuwa imepanda daraja na jirani yake imeshuka, kwa sababu tu ya nembo iliyoshonwa kwenye mkono wa jezi. Tukio hilo linatupa mahali pazuri pa kuanzia kuuliza swali ambalo maelfu ya familia nchini Marekani hujiuliza kila mwaka: kati ya klabu hizi zinazoshindania wasichana wetu, ipi ni bora, na tunajuaje?

Mfumo wenyewe unahitaji maelezo kidogo. Marekani, soka la watoto la kiwango cha juu halikulelewa na klabu kubwa za kulipwa kama ilivyo Ulaya, wala halitegemei mashindano ya shule kama tuliyoyazoea huku kwetu. Limejengwa juu ya klabu binafsi zinazoishi kwa ada za wazazi. Mwisho wa msimu klabu hufanya majaribio, kocha huchagua kikosi cha kila umri, na familia hutia saini na kulipa. Ukijumlisha ada, jezi, nauli za ndege na hoteli za mashindano ya mbali, gharama kwenye timu za juu hufika dola elfu kadhaa kwa mwaka. Ndani ya klabu moja kunaweza kuwa na timu tatu au nne za umri mmoja, kila moja katika ligi yake. Kuingia ligi za juu hakupatikani kwa kushinda mechi na kupanda daraja; uongozi wa ligi ndio unaoamua klabu ipi ipewe nafasi. Nyuma ya haya yote kuna sheria ya mwaka 1972 iitwayo Title IX, iliyokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayopata fedha za serikali kuu. Sheria hiyo ilivifanya vyuo vikuu vifungue timu za wanawake na kutoa ufadhili wa masomo kwa wachezaji. Leo zaidi ya vyuo 300 vya ngazi ya juu ya michezo vina timu za soka la wanawake. Mzazi anayelipa ada hununua soka, na pamoja nalo hununua matumaini ya chuo.

Palipo na pesa na matumaini, watu watataka kulinganisha. Vipimo vinavyotumika sana ni vitatu: klabu iko ligi gani, timu iko nafasi ya ngapi, na imetoa wachezaji wangapi waliokwenda vyuoni au timu ya taifa. Hoja yangu ni kwamba vipimo vyote vitatu, hasa kwa wasichana walio chini ya miaka 14, hupima zaidi uwezo wa klabu wa kukusanya wachezaji kuliko uwezo wake wa kuwafundisha. Msomaji wa Tanzania anaufahamu mtego huu vizuri. Shule ya vipaji maalumu inayochukua waliofaulu vizuri kuliko wote darasa la saba, kisha ikaongoza kidato cha nne, imethibitisha kwamba ilichagua vizuri. Imefundisha kwa kiasi gani ni swali jingine. Baraza la Mitihani la Tanzania lilipotoa matokeo ya kidato cha nne Januari 2023, liliacha kutangaza orodha ya shule kumi bora, likieleza kwamba orodha hiyo haikuwa na tija na iligeuka kuwa tangazo la biashara. Klabu za wasichana za Marekani zimo katika hali hiyohiyo, isipokuwa kwamba kule biashara ndiyo mfumo wenyewe, na orodha haiwezi kufutwa na mtu yeyote.

Tuanze na mwili. Wasichana wengi hukua kwa kasi kubwa zaidi karibu na umri wa miaka 12, lakini tofauti kati ya anayewahi na anayechelewa inaweza kufika miaka kadhaa. Katika timu ya umri huo utamkuta mmoja amekwisha kuwa mrefu kama mama yake na mwingine bado ni mtoto, na tarehe zao za kuzaliwa zinapishana kwa wiki chache tu. Kocha anayetaka kushinda Jumamosi hii anajua la kufanya: mweke mrefu mwenye mbio mbele, piga mpira mrefu nyuma ya mabeki, subiri mabao. Timu itapanda kwenye msimamo, klabu itavutia warefu wengine, na hakuna aliyejifunza kupokea mpira akiwa amebanwa. Miaka mitatu baadaye wenzake wakimfikia kwa kimo na kasi, yule mfungaji hana tena silaha. Tarehe za kuzaliwa zina uzito wake pia. Katika michezo mingi ya vijana, waliozaliwa mwanzoni mwa mwaka wa usajili huchaguliwa kwa wingi kuliko waliozaliwa mwishoni, kwa kuwa miezi kumi ni mingi sana kwa mtoto wa miaka 11. Marekani ilianza kusajili kwa mwaka wa kalenda, Januari hadi Desemba, na kuufanya kuwa lazima mwaka 2017. Sasa mashirika makubwa ya vijana yameamua kuanzia msimu wa 2026/27 kurudi kwenye mwaka unaoanza Agosti 1. Kwa uamuzi wa mezani, msichana aliyekuwa mdogo kuliko wote kikosini anaweza kuamka akiwa miongoni mwa wakubwa. Timu zitapanda na kushuka kwa sababu hiyo, na ufundi wa mtu yeyote hautakuwa umebadilika usiku ule.

Orodha za nafasi nazo zina matatizo yao. Kuna zinazotoa pointi kwa kila mashindano ambayo timu imeingia, na hapo timu yenye uwezo wa kulipia mashindano mengi hupata nafasi nyingi za kukusanya pointi. Kuna nyingine zinazotumia tofauti ya mabao na nguvu ya wapinzani kukadiria timu ipi ingemfunga nani. Hizi za pili ni za kisayansi zaidi, na kwa kutabiri matokeo ya Jumapili zinafaa. Tatizo ni kwamba zinaipa namba timu, na timu ya watoto haidumu. Kikosi kinaweza kubadilisha nusu ya wachezaji baada ya majaribio ya mwaka mmoja. Mashindano mengi huruhusu wachezaji wa kuazima kutoka timu nyingine. Namba ya mwaka jana inabaki kwenye jina la klabu na kutumika kuwavutia wazazi wa mwaka huu, ilhali wasichana walioipata wamekwishaondoka, na pengine kocha wao pia. Zaidi ya hayo, klabu iliyo juu haihitaji kumlea mtu. Inaweza kungoja klabu ndogo ya mtaani imfundishe binti hadi miaka 13, kisha ikamwita kwenye majaribio. Akifika timu ya taifa, jina litakalotajwa ni la klabu ya mwisho.

Historia za wachezaji maarufu wa Marekani zinaonyesha jinsi kipimo cha ligi kinavyoweza kukosa shabaha. Alex Morgan, bingwa wa dunia mwaka 2015 na 2019, hakujiunga na soka la klabu hadi alipokuwa na miaka 14, umri ambao wazazi wengi wa leo wangemwambia amechelewa. Carli Lloyd aliachwa kwenye timu ya taifa ya chini ya miaka 21. Baadaye alifunga mabao ya ushindi katika fainali mbili za Olimpiki, 2008 na 2012, na mabao matatu katika fainali ya Kombe la Dunia 2015. Naomi Girma, mzaliwa wa San Jose, California, alianza kucheza katika kundi la jumuiya ya Waethiopia ambalo baba yake alishiriki kulianzisha, kabla ya kupita kwenye klabu za ushindani. Januari 2025 Chelsea ilimnunua kwa ada iliyozidi dola milioni moja, ya kwanza ya kiwango hicho katika soka la wanawake. Alyssa Thompson wa Los Angeles alikuwa akicheza kwenye ligi ya wavulana pamoja na dada yake, kisha akachaguliwa wa kwanza kabisa katika uteuzi wa ligi ya kulipwa wa 2023. Wanne hawathibitishi kwamba ligi za juu hazina maana. Wapo nyota wengi waliolelewa humo tangu wadogo. Wanachothibitisha ni kwamba lango lile halikuwa la lazima, na mchujo wa mapema ulikosea hata kwa watu waliokuja kuwa bora duniani.

Pingamizi la kwanza, na lenye nguvu kuliko yote, ni kwamba mchezaji hukua kwa kucheza na walio bora. Ukimweka binti mwenye kipaji kati ya wenzake wasioweza kumpa pasi ya kurudi, atazoea kupiga chenga peke yake na kupoteza mpira bila adhabu. Kwenye ligi ya juu mazoezi ni ya kasi, makosa huadhibiwa, na kila Jumamosi kuna mpinzani wa kweli. Hili ni kweli, na ndiyo sababu sisemi kwamba klabu zote ni sawa. Lakini faida hiyo ina sharti: lazima acheze. Msichana wa kumi na saba katika kikosi cha kwanza, anayesafiri kwa ndege kwenda kucheza dakika kumi na tano, hapati ushindani ule. Anautazama akiwa benchi na familia yake inaulipia. Mwenzake aliye timu ya pili, anayecheza dakika zote na kubeba jukumu la kiungo, anaweza kumzidi ndani ya misimu miwili. Kwa hiyo hoja ya ushindani, ikifuatwa hadi mwisho wake, inatutoa kwenye jina la ligi na kutupeleka kwenye swali dogo zaidi: mtoto huyu, kwenye timu hii, atacheza dakika ngapi na katika nafasi gani?

Pingamizi la pili ni la vyuo. Makocha wa vyuo hawawezi kuzunguka kila uwanja wa nchi kubwa kama ile, hivyo huenda kwenye mashindano ya maonyesho yanayokusanya timu mamia, na mashindano hayo ni ya ligi za juu. Mzazi wa binti wa miaka 16 anayetaka kucheza chuoni ana haki ya kuiangalia nembo, maana nembo humleta kocha pembeni mwa uwanja. Nakubali kabisa, kwa umri huo. Kanuni za sasa za chama cha michezo ya vyuo haziwaruhusu makocha wa ngazi ya juu kuanza mazungumzo ya usajili na mchezaji kabla ya Juni 15 baada ya mwaka wake wa pili wa sekondari, yaani akiwa na miaka kama 15 au 16. Kanuni hiyo ililetwa baada ya kipindi ambacho wasichana wa miaka 13 na 14 walikuwa wakiahidiwa nafasi vyuoni. Hakuna sababu, basi, ya kumpima binti wa miaka 11 kwa kipimo cha soko ambalo halijafunguliwa kwake. Tena soko lenyewe ni jembamba. Wasichana wanaocheza soka la sekondari Marekani ni zaidi ya 350,000, na wanaocheza ngazi ya juu ya vyuo ni takriban 10,000. Kwa miaka mingi chuo kimoja kiliweza kutoa ufadhili kamili 14 tu, na kwa kawaida uligawanywa vipande kwa wachezaji zaidi ya ishirini. Kuanzia 2025 vyuo vilivyojiunga na mpango mpya havina tena ukomo huo wa ufadhili, lakini vikosi vyake vimewekewa ukomo wa wachezaji 28. Familia inayolipa ada kwa miaka minane kama akiba ya karo ya chuo inafanya hesabu inayowaishia wengi kwa hasara.

Pingamizi la tatu ni la mtu mkweli: kama si ushindi, basi kipimo ni nini? Maneno kama malezi na maendeleo yamo kwenye kila tovuti ya klabu, na hayapimiki. Jibu ni kwamba yanapimika, ila hayapimwi kwa sababu hakuna anayeyadai. Klabu inaweza kuulizwa: kati ya wasichana waliokuwa na miaka 11 kwenu, wangapi wako hapa bado wakiwa na 15? Walioondoka, walikwenda klabu nyingine au waliacha soka? Wangapi katika kikosi cha kwanza walipanda kutoka timu yenu ya pili, na wangapi waliletwa kutoka nje? Mwenye dakika chache kuliko wote alicheza asilimia ngapi msimu uliopita? Kocha wa timu hii hasa, si mkurugenzi anayeonekana kwenye picha, ana leseni gani, anafundisha timu ngapi kwa wiki, na amekaa miaka mingapi? Maswali haya yana majibu ya namba. Klabu inayofundisha vizuri itafurahi kuyajibu, na inayokusanya tu itarudi kwenye kabati la vikombe.

Kuna swali moja la ziada ambalo kwa wasichana lina uzito wa pekee, nalo ni la magoti. Wasichana wanaocheza soka huchanika kano ya mbele ya goti mara kadhaa zaidi ya wavulana, na hatari hupanda katika miaka ya kubalehe. Kuchanika huko humaanisha upasuaji na miezi tisa au zaidi nje ya uwanja. Dawa iliyothibitishwa si ghali. Utafiti mkubwa uliofanyika Norway na kuchapishwa mwaka 2008 ulifuatilia wasichana zaidi ya 1,800 wa umri wa miaka 13 hadi 17. Katika klabu zilizotumia mpango maalumu wa kupasha mwili, wa mbio, nguvu, mizani na kutua vizuri baada ya kuruka, majeraha kwa jumla yalipungua kwa karibu theluthi moja, na yale mabaya yalipungua pia. Mpango wa aina hiyo huchukua kama dakika ishirini na hauhitaji mashine yoyote. Mzazi anayekwenda kutazama mazoezi anaweza kuona kwa macho yake kama unafanyika au kama wasichana wanazunguka uwanja mara mbili na kuanza kupiga mashuti. Klabu iliyo nafasi ya tano kitaifa ambayo haina dakika hizo ishirini inawabebesha wasichana wake hatari ambayo msimamo wa ligi hautaionyesha kamwe.

Wapo watakaosema kwamba hata hivyo mfumo huu umeipa Marekani vikombe vinne vya dunia vya wanawake, kwa hiyo ulinganishaji wake lazima uwe na maana. Vikombe vile ni matunda ya wingi wa wachezaji na uwekezaji wa mapema wa vyuo, wakati nchi nyingine nyingi hazikuwapa wanawake hata viwanja. Faida hiyo inapungua kadiri wengine wanavyoamka. Katika Kombe la Dunia la wasichana wa chini ya miaka 17 lililofanyika India mwaka 2022, Marekani ilitolewa na Nigeria kwa penalti katika robo fainali. Hatua hiyohiyo ilifikiwa na Serengeti Girls wa Tanzania, katika fainali zao za kwanza, baada ya kuifunga Ufaransa 2-1 na kutoka sare na Kanada. Walitolewa na Colombia. Mashindano mamoja ya mtoano hayatoshi kusema Tanzania imelingana na Marekani, na atakayesema hivyo amefanya kosa lilelile la kusoma ubora kwenye jedwali la matokeo machache. Lakini yanatosha kutukumbusha kwamba vipaji havitoki tu mahali palipo na ada kubwa na nembo tatu begani.

Jambo hili linawagusa pia wasomaji wetu walioko Marekani: familia za Wakenya wa Minnesota na Texas, za Wakongo waliopata makazi Kentucky na Ohio, ambazo binti yao akionyesha kipaji shuleni huambiwa kwamba bila klabu fulani hana njia. Mzazi mgeni, asiyejua tofauti ya ligi hii na ile, ndiye anayeuziwa nembo kwa urahisi zaidi, na mara nyingi ndiye asiyejua kwamba klabu nyingi zina fungu la kusaidia wasioweza ada, ambalo halitangazwi kwa sauti. Kwake ushauri unaofuata hoja hii ni wa moja kwa moja. Binti akiwa chini ya miaka 14, chagua kocha, dakika za kucheza na umbali unaovumilika. Nembo iwe ya mwisho. Akifika 15 na akataka chuo kwa hiari yake, hapo ligi iingie kwenye mizani. Na mzigo huu usibaki kwa mzazi peke yake. Ligi zina taarifa za usajili wa kila mchezaji kwa kila msimu, kwa hiyo zinaweza kuchapisha kila mwaka, kando ya msimamo, idadi ya wasichana waliobaki katika kila klabu na idadi ya waliopanda kutoka timu za chini. Ligi itakayokuwa ya kwanza kufanya hivyo itawaudhi baadhi ya wanachama wake wenye vikombe vingi, na wazazi watapata kwa mara ya kwanza orodha inayofaa kusomwa.